Kusoma Madunguni, Ndege Wakipumzika

Wenzangu wa maktaba, siku niliyokabidhi funguo mlinitaka niseme maneno mawili. Nikasema "asanteni," nikaketi. Hilo lilikuwa neno moja. La pili naliandika hapa, nalo ni refu kidogo. Shuleni niliishia darasa la tatu, yaliyobaki niliyapata katika elimu ya watu wazima, kwa hiyo mkikuta kosa lisahihisheni kimya kimya, kama mlivyozoea.

Kazi hii niliianzia Salale, kule kwenye visiwa vya mikoko, si hapa Kibiti mlikonikuta. Kijiji kilikuwa na chumba cha vitabu cha elimu ya watu wazima: mlango mmoja, dirisha moja, rafu tatu. Siku ya kwanza nilifika na ufagio wangu mwenyewe, maana niliambiwa natakiwa mhudumu, na mhudumu niliyemjua mimi ni wa kufagia. Mwalimu Elinami, mtu wa Upareni aliyekuwa msimamizi, akaupokea ule ufagio, akausimamisha nyuma ya mlango, akanipa kitambaa kikavu.

"Sakafu baadaye, Bi Tatu. Anza na hivi. Futa kutoka mgongoni kwenda nje, usikisugue kama sufuria."

Nikafuta vitabu mpaka adhuhuri. Kila nilichokishika nilikifungua nione kina nini, na yeye aliniona, wala hakunikataza. Baadaye aliniambia kwamba siku ile hakuwa akitazama kama nafuta vizuri. Alikuwa akitazama kama nafungua.

Alinifunza mambo ambayo nyinyi hamkuyahitaji, kwa sababu mmekuta rafu za chuma. Sisi miguu ya rafu tuliisimamisha ndani ya makopo ya oili chafu ili mchwa wasipande. Gundi tulipika ya unga wa muhogo, na ndani yake tulitia maji ya mwarobaini, bila hivyo mende wanakula gundi halafu wanaendelea na hadithi. Mvua zikizidi, vitabu tunavitoa vikapate upepo, si jua, maana jua linavikunja. Na alinifunza kushona. Hili nataka mlielewe, kwa sababu ndilo lililoniponza. Kitabu kikubwa si karatasi moja moja. Ni mafungu, kila fungu limekunjwa na kushonwa katikati, kisha mafungu yote yakaungwa kwa uzi mgongoni. Mwalimu Elinami alikuwa akikata uzi uliooza, anayatenga mafungu mezani, anashona upya kwa sindano ya magunia, na kitabu kinarudi kuwa kizima. Mara ya kwanza nilipoona nilishangaa kama mtu aliyeonyeshwa matumbo ya saa.

Alipohamishwa nikabaki peke yangu na ufunguo. Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Madukani vitu vilirudi, sabuni za kila rangi, nguo za mitumba zilifika mpaka kwetu kwa mtumbwi, na wanunuzi wa kamba wa baharini wakaja na makasha ya barafu wakitafuta nyumba yenye kuta nene. Nyumba yenye kuta nene pale kijijini ilikuwa moja, kile chumba changu cha vitabu. Wakati huohuo zile shughuli za elimu ya watu wazima zilikuwa zinapungua. Magazeti ya wasomaji wapya hayakuja tena, na hakuna aliyeniuliza kama yamekuja.

Halafu ikaja barua kutoka ofisini. Nimeishika kichwani mpaka leo, ila nawapa maana yake tu. Atakuja afisa kutazama vyumba vyote vya vitabu. Chenye wasomaji kitaachwa. Kisicho na wasomaji, vitabu vyake vitakusanywa na chumba kitarudishwa serikali ya kijiji. Na mwenyekiti wa kijiji alishamwahidi chumba hicho mtu wa kamba.

Tatizo lilikuwa mwezi wenyewe. Afisa alikuwa anakuja likizo ya katikati ya mwaka. Nyinyi mnajua likizo ni wakati wa watu kusoma. Kwetu, likizo ile ndiyo mpunga unapoiva, na mpunga ukiiva kijiji kinahamia mashambani. Kila shamba lina dungu, ulingo wa miti wenye paa la makuti, na juu yake wanakaa wakubwa kwa watoto wakiamia ndege. Kutwa ni kupiga debe, kurusha udongo kwa kombeo na kupiga kelele. Nilifungua chumba siku nne mfululizo. Msomaji aliyeingia ni kuku wa jirani.

Siku ya tano nikafunga, nikatia vitabu kwenye kapu, nikachukua mtumbwi na upondo wa kuusukumia, nikawafuata. Nilikuwa nataka kujua jambo moja tu: hawa watu hawataki kusoma, au hawana nafasi?

Dungu la kwanza lilikuwa la Mzee Ungando, ambaye macho yalikuwa yamemwisha na mkwewe ndiye aliyemsomea. Nikamsalimu, akaitikia, akaniuliza nimeleta nini. Nikamwambia vitabu.

"Mwanangu," akasema, "vitabu hivyo tumekwisha kuvisoma. Kile tunachokitaka anacho Mwajuma tangu mfungo."

La pili lilikuwa la huyo Mwajuma Mkumba, mwanamke mwepesi wa maneno. Kitabu kweli alikuwa nacho. Kilikuwa kinene, jalada lilishapotea kabla ya mimi kukabidhiwa chumba, kwa hiyo jina lake na la mtunzi sikuwahi kuyajua. Kilikuwa na habari za mjane mmoja, Bi Rukia, ambaye marehemu mumewe alimwachia kasha lililofungwa na kumwusia alipeleke mwisho wa reli, kwa mtu asiyemjua, na asilifungue njiani.

"Unakikalia cha nini, Mwajuma?"

"Nikisome saa ngapi? Mpaka saa sita niko na ndege. Kuanzia saa tisa niko na ndege."

"Na kati ya saa sita na saa tisa?"

Akanitazama. "Jua likiwa kali ndege wanajificha kwenye matete. Tunalala."

Dungu la tatu la Saidi Mbonde, Mmatumbi aliyehamia kwetu kutoka vilimani, na la nne la Siwema, mwenzangu wa makamo yangu. Wote walisema lilelile: wanakitaka kitabu kile, na saa sita mpaka saa tisa hawana kazi. Siwema aliongeza, "Lakini kitabu kimoja, shoga, na sisi madungu manne. Zamu yangu itafika mpunga uko ghalani."

Nikarudi nacho nyumbani. Nikakiweka mezani nikakitazama mgongo, nikahesabu mafungu. Yalikuwa manane, na ukiyaweka mawili mawili ni mafungu makubwa manne.

Mwalimu Elinami alikata uzi kwa kitabu kilichooza. Uzi wa kile ulikuwa mzima. Nikaukata hivyo hivyo.

Kanuni niliyowapa ilikuwa hii. Kila siku ya likizo, jua likisimama na ndege wakiingia mateteni, mimi napiga debe mara tatu kutoka kwenye mtumbwi. Hapo kila dungu linasoma fungu lake kwa sauti, mmoja anasoma na waliobaki wanasikiliza. Ndege wakirudi, basi, karatasi zinafungwa katika kitambaa. Kila fungu linakaa siku tatu, kisha linahamia dungu linalofuata: kwa Mzee Ungando kwenda kwa Mwajuma, kwa Mwajuma kwenda kwa Saidi, kwa Saidi kwenda kwa Siwema, na la Siwema linarudi kwa Mzee Ungando.

Nilipanga yote haya na kusahau kitu ambacho mtoto angekiona. Watu wanne wakianza siku moja na mafungu manne, anayeanza mwanzo ni mmoja tu. Alikuwa Saidi, kwa bahati. Mwajuma alianza la pili, Mzee Ungando la tatu, na Siwema akapata la nne, la mwisho. Siku ya kwanza ilipofika saa nane nikasikia Siwema anaita kutoka juu, sauti inapita mashamba matatu.

"Bi Tatu, huyu mwanamke yuko ndani ya treni na kasha tupu mapajani, anacheka peke yake. Anacheka nini?"

"Mimi sijui, mie sijafika huko."

"Nani anajua?"

Mzee Ungando akajibu kwa mbali, "Mimi najua, ila sijui huyo mwanamke ni nani."

Watu wakacheka mpaka ndege waliokuwa wamelala wakaruka. Nilidhani nimeharibu. Nikasema kesho nayakusanya niyapange upya. Wakakataa wote. Siwema alisema yeye sasa hawezi kungoja kesho, kwanza anataka kujua huyo mtu alitoka wapi. Tokea hapo ikawa ndiyo desturi. Saa sita kusoma, na karibu na saa tisa kuulizana kwa sauti, dungu kwa dungu, lakini bila kumwambia mtu kitu cha fungu ambalo halijamfikia. Mwajuma alikuwa anamchokoza Saidi: "Wewe unasoma kwa mstari kama mwanafunzi, hujui raha." Saidi anamjibu, "Na wewe umeingia harusini wali umeshaliwa." Watu wa madungu ya mbali ambao sikuwapa kitu wakaanza kuja mchana kukaa chini ya ngazi kusikiliza.

Katika miaka yangu yote ya kazi sijaona watu wenye hamu namna ile. Mimi mwenyewe husoma polepole, kidole kwenye mstari, na kwa kuwa nilikuwa msukuma mtumbwi nilisoma vipande tu. Nilikuwa nimemaliza la kwanza na la pili. La tatu nilisema nitalisoma mwisho, likishapita kwa wote.

Katika fungu hilo la tatu ndipo Bi Rukia anapofika mwisho wa reli na kasha linafunguliwa. Mzee Ungando alilisoma, Mwajuma akalisoma, likafika kwa Saidi. Siwema alikuwa ameshasoma la nne, la kwanza na la pili, na alibakiwa na hilo tu. Aliliota mpaka usingizini. Alinihesabia siku.

Mpunga wa Saidi uliwahi kuiva. Siku ya tatu ya zamu yake walimaliza kuvuna, na kwetu mtu akimaliza kuvuna hubomoa dungu: miti huchukuliwa kuni, makuti makuukuu huchomwa palepale ili wadudu wasibaki. Na kwetu pia kitu kisichotakiwa kulowana, kisu, chumvi, kiberiti, huchomekwa juu, kwenye makuti. Mmeshaelewa. Saidi alikuwa amelifunga lile fungu vizuri katika kitambaa, akalichomeka juu, pahali pa kitu cha thamani. Nduguze walibomoa yeye akiwa anapakia mpunga mtumbwini. Nilipofika kulichukua nikakuta majivu, na Saidi amesimama na kipande cha kitambaa mkononi.

"Bi Tatu," akasema, "nipige."

Sikumpiga. Nilikaa juu ya tuta. Barua ilisema afisa angefika keshokutwa.

Nitakuwa mkweli kwenu. Nilifikiri kushona mafungu yaliyobaki na kunyamaza. Kitabu kisicho na jalada, nani angejua? Nilitia hata uzi kwenye sindano. Lakini ningeyashona, Siwema angeniona ninayachukua na angeuliza la tatu liko wapi, na Siwema haulizi kwa sauti ndogo. Nikayaacha madunguni.

Afisa alikuwa mwanamke, Bi Agnesi, mtu wa Songea, mrefu, viatu kavishika mkononi kwa ajili ya matope. Nikamwamkia ingawa nilimzidi umri, kwa woga. Akaingia chumbani, akatazama makopo ya oili, akafungua daftari la wasomaji. Mwezi ule ulikuwa mweupe.

"Mama, hapa hakuna msomaji."

"Hapa hakuna," nikasema. "Wako mashambani. Ukinivumilia nikuchukue kwa mtumbwi."

Tulifika jua likiwa limekaribia kusimama. Nikapiga debe mara tatu. Sauti zikaanza, dungu baada ya dungu, na Bi Agnesi akawa anageuza kichwa huku na huku kama mtu anayetafuta redio ilipo. Saidi alikuwa amehamia dungu la Siwema kumsaidia kuamia, maana alijiona ana deni la lile fungu. Tukapanda kwao. Bi Agnesi akachukua karatasi mkononi mwa msomaji, akaigeuza, akaona matundu ya sindano.

"Nani amekata kitabu cha serikali?"

"Mimi," nikasema.

"Mafungu mengine?"

"Moja kwa Mwajuma, moja kwa Mzee Ungando, moja hili. La tatu limeungua."

"Niliungua nalo mimi," Saidi akasema. "Yaani nililichoma mimi. Pamoja na dungu."

Bi Agnesi akamtazama. "Ulichoma nyumba na kitabu ndani yake?"

"Dungu si nyumba, dada. Dungu huchomwa."

Siwema akaingilia. "Mama Afisa, wafungeni baadaye. Mimi nina haja yangu. Kila mtu hapa anajua mle kashani mlikuwa na nini, isipokuwa mimi. Nimengoja siku kumi. Na hawa wakikueleza wewe hapa, nitasikia, na mimi sikutaka kusikia, nilitaka kusoma."

Sikujua Bi Agnesi atafanya nini. Akakaa kitako juu ya fito, akauliza kasha gani. Siwema akamweleza habari za Bi Rukia kuanzia mwisho, kisha mwanzo, kisha katikati, kama alivyozipata. Bi Agnesi akauliza swali moja, halafu la pili. La tatu lilikuwa, "Na kasha lilikuwa na nini?" Siwema akapiga kofi pajani. "Ndilo hilo."

Basi yule afisa akashuka, akachukua karatasi katika mkoba wake, akaenda kukaa kwenye tuta mbali kidogo. Akaniagiza nimwitie mmoja mmoja. Siwema juu ya dungu akawa anapiga debe asisikie, ndege hakuna, yeye anapiga tu. Mzee Ungando aliletwa kwa mkono na mkwewe. Akasema kashani mlikuwa na kitambaa cheupe, na ndani ya kitambaa mbegu za mpunga, za kwao marehemu. Mwajuma akasema kitambaa cheupe, ndiyo, lakini ndani mlikuwa na nguo za mtoto mchanga, kwa hiyo mume alikuwa na mji wa pili. Saidi akasema kitambaa, na ndani yake kitambaa, na ndani yake kitambaa, basi.

Bi Agnesi akaweka kalamu chini, akawakusanya wote watatu. "Mmesoma kitabu kimoja?"

Mwajuma ndiye aliyesema. "Ukurasa wenyewe ulikuwa na tundu la mchwa. Palepale. 'Akafunua kitambaa, ndani yake,' kisha tundu. Chini yake, 'akacheka.'"

Mzee Ungando akageukia upande wa mkwewe. "Tundu? Wewe mbona ulinisomea mbegu?"

"Uliniuliza ndani mna nini, baba," mkwewe akasema kwa upole. "Nikakujibu."

Mzee akasema, "Mbegu ni sawa. Zibaki."

Nilitaka ardhi inifiche. Moto ulikuwa wa Saidi, lakini mchwa walikuwa wangu. Kopo moja la oili lilikauka mwaka uliopita nikachelewa kulijaza. Nikamwambia Bi Agnesi hivyo hivyo. Aliandika masimulizi yote matatu, kila moja karatasi yake, na jina la msimulizi chini, akapanda kumpa Siwema. Siwema akasoma ya kwanza, ya pili, ya tatu, akarudia ya pili.

"Sasa mkweli yupi?" akauliza.

"Hata mimi nataka kujua," Bi Agnesi akasema. "Nileteeni lile fungu la kwanza, nianze mwanzo."

Akasoma. Mwenye boti aliyemleta alikuja kuita kwamba maji yanakupwa, akaambiwa angoje kidogo. Alipoita mara ya pili boti ilikuwa imekaa juu ya matope imeegemea ubavu, na afisa akala wali wetu, akamaliza la kwanza na la pili kabla maji hayajarudi jioni.

Wakati wa kuondoka aliniambia mambo yake wazi, tumesimama kwenye matope. "Mama Tatu, chumba siwezi kukitetea. Nitaandika nilichokiona: hakina msomaji. Na wewe nitaandika kwamba ulikata uzi mzima, maana ulikata. Lakini vitabu sivichukui. Nitavichukua kwa watu gani tena?"

Baada ya wiki kadhaa zikaja barua mbili ndani ya bahasha moja. Ya kwanza ya onyo, kwa kuharibu mali ya umma. Ya pili ya kunikabidhi vitabu vyote katika sanduku la bati, nitembee navyo penye wasomaji, likizo na siku nyingine. Ya onyo niliibandika ndani ya kifuniko cha sanduku, na ile nyingine nikaiweka juu yake, na hivyo ndivyo nilivyofanya kazi mpaka nilipoletwa Kibiti. Chumba kilijaa barafu na kamba. Nilikuwa nikipita nje nasikia harufu, naendelea na njia yangu.

Kitabu nilikishona mwenyewe, na mahali pa fungu la tatu nikashona zile karatasi tatu za Bi Agnesi. Ndicho kile kilichopo rafu ya chini, cha gamba la kaki, mnachoniuliza kila mara kwa nini sikubali kitupwe. Mkikiazima kwa mtu, mwacheni asome kwa mpango anaoutaka. Akifika katikati atawauliza yupi mkweli, msimjibu, muulizeni yeye anaonaje, mwandike jina lake na anachokiamini kwenye karatasi za nyuma. Nimeziacha nyingi, nyeupe.

Siwema alikuwa upande wa Mwajuma mpaka Mungu alipomchukua. Hakuna aliyemtikisa. Mimi kwa miaka mingi nilikuwa wa Mzee Ungando na mbegu zake. Siku hizi, sasa ninapoamka bila pa kwenda, nimehamia kwa Saidi: kitambaa ndani ya kitambaa ndani ya kitambaa. Ila sijakaa sawasawa huko. Kila nikifika pale anapocheka, naona kama kuna kimoja sijakifunua.